Mfarishi wa Bi Mize

Mtu wa kwanza kunisalimu asubuhi ile alinisalimu kwa jina lisilo langu. "Shikamoo, Bi Mize," alisema, na kabla sijamsahihisha akaniuliza mgonjwa wangu anaendeleaje. Mgonjwa wangu ndiye huyo Bi Mize. Nilisimama njiani na kikapu changu cha vitambaa nikijaribu kulipanga jambo hili kichwani. Kama mimi ni Bi Mize, aliyelala ndani akihema kwa shida ni nani? Na kama aliyelala ndani ndiye Bi Mize, nani basi aliyesalimiwa? Nikaitikia marahaba. Sikuwa nimekubali chochote. Ila salamu ya mtu haiachwi ikaanguka chini.

Mji wetu una tabia zake. Siku hiyo, kwa mfano, asubuhi ilikuja mara mbili. Ya kwanza ilichungulia, ikakuta watu bado wamelala, ikaondoka kwa hasira. Ya pili ndiyo niliyotoka nayo. Kuna nyumba unaingia ukiwa mtu mzima, ukitoka unamkuta mama yako mlangoni anakuuliza mbona umechelewa kurudi chuoni, na mama yako alikwisha kufa. Hatushangai tena. Mtu huzoea hata kuchanganyikiwa, akaona huko ndiko nyumbani kwake. Lakini liko jambo moja ambalo mji huu haulibadilishi, nalo ndilo lililonitoa ndani: hapa mtu hafi bila mfarishi wake.

Mfarishi wenyewe si kitu cha ajabu. Juu ni uso wa viraka vilivyoungwa, chini ni bitana, katikati ni sufi iliyochambuliwa vizuri, na mishono ya mkono inapita kotekote ili tabaka hizo tatu zisiachane. Mtu akikaribia mwisho wake, aliyejifunza kwake ndiye humshonea. Mwanafunzi wa mpishi humshonea mpishi, hata kama mishono yake inafaa kufungia magunia tu. Sharti ni moja: ruwaza yake iwe haijapata kumfunika mtu mwingine tangu mji uwe mji. Ukimfunika mtu kwa ruwaza ya kuiga, hafi. Anabaki. Tunao wengi waliobaki, tunawaita wakaaji. Wameketi kwenye vibaraza vya maduka, hawali, hawalali, kila apitaye wanamuuliza saa ngapi, na ukiwajibu wanakuuliza tena. Maumivu waliyokuwa nayo kitandani wanayo hadi leo. Nani aliweka sharti hili? Nimeuliza tangu utotoni, na kila mtu ananiambia limekuwapo. Kitu kikishakuwapo muda mrefu hakuna anayekiuliza baba yake ni nani.

Basi Bi Mize, fundi aliyenilea na kunifundisha sindano, alikuwa anakufa. Mwanafunzi wake ni mimi, Siwatu. Na sikuwa na ruwaza.

Sikukosa ustadi, mtu asije akadhani hivyo. Mishono yangu ni midogo na inakwenda sawa, pembe zangu zinakutana bila kusukumana. Tatizo lilikuwa hilo hasa. Kila nilichokishona kilikuwa kizuri, na kila kizuri kilikuwa chake. Nikikata pembetatu zinajipanga zenyewe kuwa Njia ya Siafu, ambayo aliibuni kabla sijazaliwa. Nikisema basi nikate miraba, nikigeuka kidogo nakuta nimeunga Nyumba Jirani, na Nyumba Jirani ilikwisha kumfunika muuza mafuta wa mtaa wa chini. Nilikuwa nikishona, nafumua, nashona, nafumua. Vitambaa vilitoboka mpaka ukivishika dirishani unaona mwanga unapita. Mwanzoni mwa mafunzo yangu aliniambia kwa miaka: fanya kama mimi. Halafu siku moja, pasipo kubadilisha hata sauti, akaniambia: sasa usifanye kama mimi. Nifanye kwa kitu gani? Kila kitu nilichokuwa nacho cha kufanyia alinipa yeye. Ni sawa na mtu akupe miguu kisha akukataze kutembea.

"Usiniache nikakaa, mwanangu," aliniambia jana yake, au ilikuwa kesho, sikumbuki. "Mgongo huu hauwezi kibaraza."

"Sikuachi, bibi."

"Umeshaipata?"

"Naikaribia."

Uongo mtupu. Akaujua, akafumba macho ili nisione kwamba ameujua, nami nikaona.

Watu wanaojua ushonaji kidogo watakwambia ruwaza hutoka moyoni. Nimeutafuta moyo wangu nikakuta hofu, na hofu haina umbo la kukatwa kwa mkasi. Wanaojua zaidi kidogo watakwambia hutoka machoni. Bi Mize alikuwa wa hao. "Tazama kitu mpaka chenyewe kikuchoke," alikuwa akiniambia, akinishika bega mbele ya ukuta wenye ufa. Kwa hiyo nilitoka kutazama. Nilitazama kutu kwenye mabati ya jirani. Nilitazama magamba ya samaki yaliyoganda kwenye ubao wa muuzaji. Nilitazama dimbwi lililokauka, udongo wake umepasuka na kingo zake zimejikunja juu. Kila nilipotazama, nilijua jina. Kutu ile ni Shuka la Mjane. Magamba yale ni Vicheko. Udongo ule ni mfarishi aliomshonea mwalimu wake mwenyewe. Nikaanza kushuku kwamba si Bi Mize aliyeiga dunia. Labda dunia ndiyo iliyokuwa ikikaa dirishani kwake ikinakili, na sasa imemaliza kunakili haina jipya la kunipa. Au labda dunia haina kosa lolote, ila mimi nimetoka nyumbani na macho yake, nikaacha yangu mahali nisipopakumbuka.

Nilifika kwa Chiku, msusi, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pake, kichwa cha msichana kikiwa katikati ya magoti yake.

"Karibu, Bi Mize."

"Mimi Siwatu."

"Siwatu, Mize. Ukikohoa tu najua ni nyie." Akacheka, vidole vyake havikusimama. "Umekuja kusuka au umekuja kuniangalia kama jini?"

"Kuangalia. Naomba niangalie kichwa hicho."

"Angalia. Hakina kilemba."

Alikuwa akisuka twende kilioni, ule msuko wa mistari inayotoka kwenye paji la uso kwenda kisogoni pasipo mbwembwe, ambao mtu husukwa haraka anapoitwa msibani. Mistari ilikuwa imenyooka. Lakini mahali pamoja, juu kidogo ya sikio, yote ilipinda, ikazunguka, kisha ikarudi njiani.

"Hapo pana nini?" niliuliza.

"Kovu. Hapaoti kitu. Mimi sipiti juu ya kovu la mtu, nalizunguka."

Niliona mfarishi mzima kwa mara moja: mistari iliyonyooka, yote ikielekea kilioni, na katikati mahali patupu ambapo kila mstari unapaheshimu. Nilitaka kulia kwa furaha. Nikatoa chaki, nikatandaza kipande cha kitambaa kwenye goti nikaanza kuchora, na ndipo msichana yule alipoinua uso kutoka kwenye magoti ya Chiku akanitazama. Alikuwa na macho ya Bi Mize. Alikuwa Bi Mize, wa umri wa kwenda kisimani, na shavu moja lina alama ya kanga ya Chiku.

"Umechelewa," alisema, wala hakusema kwa ubaya. "Nilishaiona mimi, kwenye kioo cha mama. Nitakapokua nitaishona."

"Tulia wewe, kichwa kisije kikapinda," Chiku akamwambia, akamrudisha magotini.

Nikafuta chaki kwa kiganja. Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya njia kama mlevi, watu wananisalimu kwa jina lake, nami nawaitikia wote.

Nyumbani jua lilikuwa limesimama mahali pabaya, linaingia moja kwa moja kitandani. Nilifunga pazia. Bi Mize wa kitandani hakuwa na kovu linaloonekana, nywele zake nyeupe zilikuwa zimelifunika, na sikulitafuta. Macho yake yalikuwa yamekufa zamani. Miaka yake ya mwisho ya kazi alishona kwa vidole tu. Nilikaa kando yake na uso wa mfarishi magotini, viraka vimepigwa bandi ya muda juu ya sufi na bitana, tayari kwa mishono, ila sikujua mishono hiyo iende wapi. Maumivu yakamjia. Akatafuta kitu cha kushika akaushika mkono wangu wa kulia, akaubana kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Bwana Faki anakuja leo kuukagua," alisema.

"Najua, bibi."

"Siwatu, nitakaa. Nitakaa pale kwa muuza mafuta, nitauliza watu saa."

"Hutakaa."

"Niambie basi umeshona nini."

Hakuuachia mkono. Nilijaribu kuuchomoa polepole akauvuta kifuani kwake, na pale ukabaki, chini ya kidevu chake, unasikia mapigo. Nilikaa hivyo mpaka mguu ukafa ganzi. Nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia yeye kwa kuwa amezitumia ruwaza zote, nikaukasirikia mji, nikajikasirikia mimi. Sindano ilikuwa pale kwenye kitambaa, ina uzi tayari. Nikaichukua kwa mkono uliobaki.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu mkono huo. Mimi nilizaliwa na mashoto. Siku ya kwanza nilipoletwa kwa Bi Mize nilipokea sindano kwa kushoto, akanipiga kofi vidoleni, kisha akachana upindo wa kanga akaufunga mkono ule kiunoni mwangu. Hakufanya kwa ukatili. Kushoto ni mkono wa chooni; humpi mtu mzima kitu kwa mkono huo, huli nao, na mfarishi unakwenda kumfunika mtu anayekufa. Samaki mkunje angali mbichi, alisema, na akanikunja. Ulipofunguliwa, sikumbuki lini, mkono ulikuwa umekwisha kunyamaza. Ulishika kitambaa, ukabeba ndoo, ukafukuza kuku. Hakuna aliyeufundisha kitu kingine, kwa hiyo haukuwa na cha kuiga.

Niliubana mfarishi chini ya goti nikaanza kuchoma. Mshono wa kwanza ulikuwa mrefu kama wa mtu anayeshona turubai. Wa pili ukalala upande usiotakiwa. Sindano ilitoka mahali nisipoitarajia, nikaifuata kwa kuwa sikuweza kuirudisha kwa mkono mmoja. Kufumua kunataka mikono miwili. Hilo nililigundua baadaye: siku ile yote sikufumua kitu, si kwa ujasiri, nilikuwa nimeshikwa. Mishono ikaondoka pembeni ikapanda juu, ikasita, ikajikunja. Iliacha uwanja mtupu mahali ambapo fundi yeyote angejaza, ikarundikana mahali ambapo hapakuhitaji kitu. Nilipokata kiraka nilikishika kwa meno. Nilitoka jasho. Nilitazama kitu kile kinakua juu ya magoti yangu na sikujua jina lake.

Na hapo ndipo nilipochanganyikiwa kweli, kuliko pale njiani, kuliko kwa Chiku. Kwa sababu tangu nizaliwe nimekifahamu kizuri kwa kukifananisha. Hiki ni kizuri kama kile. Hiki kimefikia kile. Sasa mbele yangu palikuwa na kitu kisichofanana na chochote, na mabaya yote pia ndivyo yalivyo: hayafanani na chochote. Mtu atajuaje kama alichokishika ni chake au ni kibovu tu? Nani atamwambia? Mwalimu? Mwalimu atakwambia ni kibovu, kwa kuwa yeye hayumo ndani yake. Watu? Watu wananiita kwa jina la mwalimu. Nilitamani mkono wa kulia uachiwe dakika moja tu niunyooshe mstari mmoja, mmoja tu, nipate pa kushika. Nikamshukuru Bi Mize kwa kutouachia, kisha nikamlaani, kisha nikaendelea.

Bwana Faki alibisha mlango asubuhi, sijui ya ngapi. Ni Mkaguzi wa Mishono, mtu mrefu, futi ya fundi imening'inia shingoni mwake kama kitambulisho. Hajawahi kushona. Kazi yake ni kukumbuka: ameiona kila ruwaza iliyowahi kumfunika mtu, na akiiona mara ya pili anaijua. Nani alimpa kazi hiyo? Imekuwapo.

"Bibi, pole," alimwambia Bi Mize. Kwangu akatikisa kichwa tu. "Nioneshe."

Niliutandaza miguuni pa kitanda. Bi Mize alikuwa ameuachia mkono wangu usingizini, nami nilikuwa nimeuweka mgongoni, nauonea haya. Bwana Faki alizunguka kitanda. Akainama. Akaufuata upindo kutoka pembe hadi pembe, njiwa wakitembea juu ya mabati.

"Hii sijaiona," alisema.

Nikasogea niukunje mfarishi. Lakini alikuwa bado ameinama, anafuata mshono mmoja kwa ukucha.

"Mishono hii imelala upande gani? Hii..." Akanyooka, akanitazama. "Umeshona kwa kushoto."

"Ndiyo."

"Utamfunika mwalimu wako kwa mkono wa kujitawadhia?"

"Sharti linasema ruwaza iwe mpya. Halikusema mkono."

"Halikusema kwa kuwa hakuna aliyedhani atatokea mtu asiye na adabu kiasi hicho." Sauti yake haikuwa na ukali, ilikuwa na woga, nikashangaa kwamba naye anaogopa. "Siwezi kuukataa. Siwezi kuukubali. Anayefunikwa aseme mwenyewe."

Bi Mize alikuwa macho. Sijui tangu lini. Alinyoosha mikono hewani, nami nikausogeza mfarishi mpaka ukafika vidoleni mwake. Akaanza kuusoma kama alivyozoea, kutoka kwenye upindo kwenda ndani. Vidole vilikwenda haraka, mara vikasimama. Vikarudi. Vikaenda upande ambao mishono haikwenda, vikapotea, vikautafuta uzi. Uso wake ulikunjamana. Nilimwona mtu aliyeijua kila njia katika dunia hii akigonga ukuta.

"Nani kashona hapa?"

"Mimi, bibi."

"Wewe nani?"

"Siwatu."

"Siwatu namjua. Nilimtengeneza mwenyewe." Vidole vilikuwa vimeufikia ule uwanja mtupu na vilikuwa vinazunguka humo. "Huyu simjui."

Nikajua tumeshindwa. Nilimwona kibarazani, mgongo umepinda, anawauliza wapita njia saa. Nilianza kulia pale pale mbele ya Bwana Faki, kwa sauti, kama mtoto.

"Acha kelele," alisema Bi Mize. "Unanisumbua nahesabu. Hapa ulizungukaje? Sindano ilitokea chini?"

"Ilitokea yenyewe, bibi."

"Haitokei yenyewe. Ilitokea chini. Nipe sindano."

Nilimpa kwa mkono wa kulia, kwa adabu. Alikuwa ameunyoosha wa kushoto. Ngozi yake ilikuwa laini kupita ya ule mwingine, haina hata sugu moja.

"Nifundishe," alisema.

"Bibi," Bwana Faki aliingilia, "kanuni ni kwamba mfarishi hushonwa na mwanafunzi peke yake. Ukiutia mkono wako—"

"Kanuni hiyo wakufunike nayo wewe siku yako." Akanigeukia alipodhani nipo. "Haya. Naanzia wapi?"

Nikapanda kitandani nikakaa nyuma yake, nikaushika mkono wake ndani ya wangu, kushoto kwa kushoto. Sikujua namna ya kufundisha kitu ambacho sikijui. Nilimwambia, usitazame unakokwenda. Akasema hilo nalimudu, mimi kipofu. Nikamwambia, ikitoka pabaya usiirudishe. Akachoma. Sindano ikapita sufi, ikagusa bitana, ikarudi juu mbali sana, na uzi ukajikunja. Akaupapasa mshono wake.

"Mbaya!" alisema, akacheka mpaka akakohoa. "Mbaya huu, au siyo?"

"Mbaya sana, bibi."

"Wa nani?"

"Wako."

"Sijapata kushona kama huu."

"Hujapata."

Akatulia akiegemea kifua changu, mfarishi umemfunika miguu. Kisha akachoma wa pili. Nilisikia nguvu za mkono wake zikisukuma, nikasikia zikipungua, nikadhani anafikiri. Bwana Faki ndiye aliyejua kwanza, kwa kuwa alikuwa akimtazama usoni. Sindano ilikuwa nusu ndani ya kitambaa na nusu nje.

Nilimlaza, nikamfunika. Sikuichomoa sindano, na Bwana Faki, ambaye mikono yake ilikuwa imekwisha kunyooka kuichomoa, aliirudisha mikono hiyo kwenye futi yake. Alikuwa amepotea kabisa, mtu yule. Alinitazama mimi, akamtazama yeye, akautazama mfarishi.

"Nje kuna watu wanangoja," alisema. "Niwaambie kafa nani? Kazi hii niseme ni ya nani kwa nani? Nani alikuwa mwanafunzi hapa?"

Nilijifuta uso.

"Waambie," nilisema, "mwanafunzi wangu amefariki."